GTA V iko kwenye patisheni ya Windows: Linux Mint inaiona, lakini Play haifungui kitu

kibodi_ya_mbao

Wakuu, laptopu ni HP yenye Intel HD 520 na GeForce 940MX ya GB 2, RAM GB 8. Nina Windows 10 na Linux Mint 22 kwenye diski moja. GTA V na Euro Truck Simulator 2 ziko D:, ambayo ni NTFS (mfumo wa faili wa Windows). Upande wa Mint nimeongeza D: kama laibrari ya Steam na gemu zote zimeonekana. Nikibonyeza Play kwenye GTA V, kitufe kinageuka Stop kwa sekunde chache kisha kinarudi Play, bila ujumbe wowote. ETS2 nayo inataka kushusha mafaili upya wakati ilikuwa kamili. Gemu la zaidi ya GB 100 silirudii kwa bando. Nakosea wapi? Na FC 25 (mpira wa EA) inacheza Linux?

fundi_wa_zamu

Gemu lako ni zima mkuu. Kinachokwama ni folda ambayo Proton (zana ya Steam ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux) hulitengenezea.

Kila gemu la Windows hupewa Windows yake ya bandia ndani ya steamapps/compatdata, kwenye folda yenye namba ya gemu. Ya GTA V ni 271590. Humo ndani, kwenye pfx/dosdevices, Proton lazima iunde viungo viwili: c: na z:. Sasa, ukiifungua D: kwa kuibonyeza tu kwenye kidhibiti faili, Mint huiunganisha kwa sharti la windows_names, yaani hukataa jina lolote ambalo Windows isingelikubali. Nuktapacha imo kwenye marufuku hiyo. Kiungo cha c: hakiundiki, Proton inakata tamaa, na Steam haikwambii neno. Ukitaka kuona mwenyewe, funga Steam, iwashe kwenye terminali kwa kuandika steam, bonyeza Play, usome mistari inayotokea.

Dawa ni compatdata ikae upande wa ext4 (mfumo wa faili wa Linux), gemu libaki palepale D:. Kwanza pata UUID (kitambulisho) ya patisheni kwa lsblk -f, tengeneza mahali pa kuiunganisha kwa sudo mkdir /mnt/magemu, kisha ongeza mstari huu mmoja kwenye /etc/fstab (orodha ya diski ambazo Linux huunganisha inapowaka):

UUID=weka_yako /mnt/magemu ntfs-3g uid=1000,gid=1000,rw,exec,umask=022,nofail 0 0

Usiache nofail. Bila hiyo, siku patisheni ikigoma kuunganika, Mint nzima haitawaka kawaida. Jaribu kwa sudo mount -a kabla hujazima mashine. Halafu, Steam ikiwa imefungwa:

mkdir -p ~/.steam/steam/steamapps/compatdata
cd /mnt/magemu/SteamLibrary/steamapps
mv compatdata compatdata.zamani
ln -s ~/.steam/steam/steamapps/compatdata compatdata

Nimeandika mv badala ya rm makusudi: kama kuna gemu lililowahi kufunguka humo, sevu zake zinaweza kuwa ndani ya folda hiyo. Ukimaliza, iondoe laibrari ya zamani kwenye Steam uiongeze upya kwa njia ya /mnt/magemu. Laibrari ya kwanza, ile ya ext4, ndiyo ibaki chaguo-msingi. Ukiifanya D: kuwa chaguo-msingi, Proton yenyewe itasakinishwa huko na utarudi mwanzo.

pwani_kernel

Naongezea jambo ambalo litakukamata wiki ijayo. "Shut down" ya Windows 10 haizimi kabisa. Fast Startup huacha sehemu ya mfumo imelala diskini na NTFS ikiwa haijafungwa vizuri. Linux ikikuta hivyo, ama inaiunganisha kwa kusoma tu, ama inaikataa. Fungua Command Prompt ya Windows kama msimamizi, andika powercfg /h off. Mara moja tu inatosha.

Ila mimi NTFS naiona kama daraja la kuvukia, si pa kujenga. Siku chkdsk (kikagua diski) ya Windows ikipita na kukuta vitu isivyovielewa, "itavirekebisha" kwa namna yake. exFAT (mfumo mwingine wa faili) ndiyo usiiguse kabisa, haina viungo vya namna hiyo hata kimoja. Ukipata nafasi kwenye ext4, hamisha bila kushusha upya: nakili folda "Grand Theft Auto V" kutoka steamapps/common ya D: kwenda ~/.steam/steam/steamapps/common, jina libaki vilevile hadi herufi kubwa na ndogo. Ondoa laibrari ya D: kwenye Steam, kisha bonyeza Install ukichagua diski ya ext4. Steam itakagua mafaili yaliyopo na kushusha pengo tu.

dereva_wa_OpenGL

Kuhusu ETS2: hilo lina toleo lake la Linux. Steam ya Mint ikiona mafaili ya Windows inataka kuyabadilisha, ndiyo hizo GB unazodaiwa. Kabla ya kubonyeza chochote, ingia Properties, Compatibility, lazimisha Proton. Hapo itakubali mafaili ya Windows yaliyopo. Fanya hivyo kwanza, maana upakuaji ukishaanza bando limekwenda.

Ukiamua kubaki na toleo la Linux, kumbuka linatumia OpenGL (njia ya kuchora picha), na kwa laptopu ya kadi mbili litaangukia Intel. Weka hii kwenye Launch Options:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%

GTA V haihitaji hiyo. Inapitia DXVK (sehemu ya Proton inayotafsiri michoro ya Windows), na DXVK yenyewe hutanguliza kadi ya pekee ikiwa draiva yake inafanya kazi. Weka DXVK_HUD=devinfo,fps %command% na jina la kadi litaandikwa kwenye kona ya skrini.

FC 25 isahau. Kinga ya EA dhidi ya wadanganyifu inataka kukaa ndani ya kernel ya Windows, na Proton haina kernel hiyo. Hakuna mpangilio wa kuizunguka. GTA Online (ya kucheza na wengine mtandaoni) nayo ilifungwa kwa Linux Septemba 2024 ilipowekewa BattlEye, kinga nyingine ya namna hiyo. Cheza Story Mode.

kibodi_ya_mbao

Asanteni sana wakuu, GTA V imefunguka! Lakini HUD inaandika Intel HD 520, fremu 14. Nikiandika nvidia-smi inasema haiwezi kuwasiliana na draiva.

fundi_wa_zamu

Angalia mokutil --sb-state. Ikijibu "SecureBoot enabled", moduli ya NVIDIA imezuiwa kwa sababu haina sahihi inayotambulika. Njia fupi ni kuzima Secure Boot kwenye BIOS. Lakini kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski), tafuta kwanza ufunguo wake wa kurejesha, maana itakuuliza.

nvidia-smi ikishajibu, soma namba ya draiva. Kama ni 535, weka na libnvidia-gl-535:i386 kwa apt. Namba hizo mbili lazima zilingane. Gemu za zamani bado zinatumia biti 32.

pwani_kernel

Na kwa ajili ya bando: Settings, Downloads, zima Shader Pre-caching. Hasara yake ni kukwamakwama dakika za mwanzo, na kwenye baadhi ya gemu video za hadithi hutoka mistari ya rangi kama televisheni isiyo na matangazo, kwa sababu video zilizogeuzwa kwa ajili ya Linux hushuka kupitia njia hiyohiyo. Ukiona mistari hiyo, iwashe tena, gemu lishushe zake, halafu uzime.

Kwa GB 2 za kadi, weka Texture Quality ya GTA V kwenye Normal.