Matairi gani ya AT kwa Hilux iliyobeba kempa?

Mwana_Jinja

Habari zenu wakubwa. Nina Hilux dabo kabini, saizi ya tairi 265/65R17. Nyuma nimechomelewa kempa, yaani kibanda cha kulala safarini, pale Katwe, Kampala: fremu ya mabomba ya mraba, kuta za plaiwudi na bati la alumini, kitanda, tangi la maji la lita 80, mtungi wa gesi. Matairi yaliyopo ni ya lami na yamekwisha. Januari nataka kumpeleka mama watoto na wanawe mbuga ya Kidepo kupitia Gulu na Kitgum, baadaye msitu wa Bwindi upande wa Ruhija.

Muuzaji mmoja Kampala kanionyesha AT (matairi ya lami na barabara mbovu pia) za aina mbili, saizi ileile. Moja ubavuni imeandikwa 112T. Nyingine inaanza na LT na inaishia na 120/117S, na bei yake imepaa. Cha ajabu, ile ya bei nafuu ndiyo yenye meno ya kutisha. Hiyo pesa ya ziada ninalipia nini? Halafu kuna AT za mtumba, meno marefu, bei ya kutupa.

Dereva_Gulu

Ndugu, achana na meno kwanza, soma ubavu. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. 120 ni kilo 1,400. Ile 117 ni kwa magari yenye matairi mawilimawili nyuma, haikuhusu. T na S ni kikomo cha mwendo, kilomita 190 na 180 kwa saa, na kwa kempa mgongoni hutaiona hata moja, nakuombea usiione.

Sasa pakia gari kama siku ya safari yenyewe: maji tele, gesi, dizeli, magodoro, unga, watoto na mama yao ndani. Tafuta mizani ya malori, ya kiwanda au ya wanunua chuma chakavu, upandishe magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiruhusiwa, pima pia upande mmoja mmoja, maana sijui waliochomelea tangi waliliweka wapi.

Tuseme nyuma upate 1,900, yaani 950 kila tairi. Utaniambia, mzee, si 112 inatosha? Kwa karatasi inatosha. Lakini ile 1,120 ni ya tairi lenye upepo wake kamili, na kempa ni ndefu, uzito wake uko juu. Ukikata kona mzigo unalalia matairi ya nje. Ukitumbukia shimoni, kishindo kinaongeza. Upepo ukipungua, ubavu unakunjika na kunyooka kila mzunguko, unapata joto, nyaya na mpira vinaanza kuachana ndani kwa ndani. Wala halipasukii shimoni. Linakuja kupasuka baadaye, saa nane mchana, uko kwenye lami nzuri unarudi Kampala na watoto wamelala.

LT, yaani tairi la magari ya mizigo midogo, yenye herufi E (daraja la mzigo) ubavu wake ni mgumu, umejengwa kwa mzigo, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Januari kule juu ni kukavu, adui yako ni mawe, nayo hukata ubavu. Ukikuta mvua juu ya udongo mweusi wa Karamoja, meno ya aina yoyote yanajaa mara moja na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Hapo unazima injini, unachemsha chai, unangoja jua.

Mtumba: tafuta neno DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno marefu hayasemi umri. Pinda mpira katikati ya meno uangalie nyufa. Kwa pikapu ya kubebea matooke sokoni sigombi na mtu. Kwa kempa sinunui.

Fundi_Kabale

Mzee namuunga mkono, ila kaacha jambo. Kama kempa unaishusha na gari linarudi kwenye kazi za kila siku, LT kwenye gari tupu ni ngumu, inarukaruka, ni nzito na mafuta yanapanda. Lijue hilo kabla hujalipa.

La pili, wateja wangu wengi huongeza springi nyuma, gari likisimama wima wanadhani limepata nguvu. Springi haiongezi uwezo wa tairi, rimu wala ekseli. Uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha gari, na rimu nazo zina kikomo chake, hasa hizi za kununua mitaani.

Ruhija msiende kuanzia Machi hadi Mei, wala Septemba hadi Novemba, kama hamlazimiki. Ule udongo ukilowa ni sabuni, na korongo liko pembeni.

Mwana_Jinja

Asanteni sana. Mizani imesema: nyuma 1,960. Kushoto 1,035, kulia 925. Tangi liko kushoto, nalihamishia katikati. Nachukua LT. Je, nijaze upepo kiasi gani, na nikifika kwenye murram (barabara ya changarawe) niupunguze?

Dereva_Gulu

Umeona sasa? Ile 112 kwa upande wa kushoto ingebakiza kilo 85 tu.

Upepo ulioandikwa mlangoni ni wa matairi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. LT inataka upepo zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo mwambie muuzaji akupe jedwali la mtengenezaji. 80 psi iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, usijaze hiyo. Jaza asubuhi tairi likiwa baridi. Kisha chora mstari wa chaki kukatisha meno yote, nenda mbele kidogo mahali palipo sawa, ushuke utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kingoni tu, umepungua. Usishuke chini ya jedwali kwa sababu ya chaki.

Kwenye murram punguza kidogo, na mwendo upunguze zaidi. Wenzetu wa magari matupu hushusha sana, wewe una kempa. Kombresa iwemo garini, na ukirudi lamini jaza kabla ya kukanyaga mafuta. Tairi likipata moto upepo hupanda wenyewe, usiutoe.

Nunua matano. Spea yenye kimo tofauti, ukaingiza 4x4, inaumiza difu (gia za ekseli). Na uhakikishe fremu ya kempa haijaziba tundu la kuingizia fimbo ya kushushia spea. Lijaribu nyumbani.

Mwana_Jinja

Nimetoka kuchungulia sasa hivi. Limezibwa. Kesho narudi kwa wachomeleaji.