Kikundi cha familia: safari ya Mandara na suala la simu

Baba Mdogo Eliya: Habari za jioni nyote. Wiki ya mwisho ya Juni imekubaliwa bila mpinzani, tunalala siku mbili kwenye vibanda vya Mandara, mlima Kilimanjaro. Sasa tumalize hili la kuzima simu tukiwa huko. Elisante, wewe ndiye unayetuongoza, huko msituni si hakuna mtandao? Tunaweka masharti ya nini?

Elisante: Shikamoo baba mdogo. Mtandao upo. Shirika la simu la TTCL walifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, vibanda vya juu zaidi, mita 3,720, tangu Agosti 2022. Mandara iko mita 2,720, chini kabisa ya hapo. Mlima hautawazimia simu, mtazima wenyewe.

Baba Mdogo Eliya: Marahaba. Kumbe.

Mama Neema: Kwa hiyo wa kuchati atachati tu 😅

Elisante: Njiani unakamata na kuachia. Hapo ndipo chaji inapoliwa: simu ikipoteza mnara inaongeza nguvu na kutafuta upya kila mara, hata ikiwa imelala mfukoni. Na vibanda vinatumia taa za sola, msitegemee soketi ya kuchajia. Anayetaka picha aweke alama ya ndege, ile inayokata mtandao, pale pale Marangu getini. Kamera itafanya kazi, na ramani uliyoipakua nyumbani itaendelea kukuonyesha ulipo, maana GPS haihitaji laini.

Elisante: Halafu kuna Maundi, ile kreta, yaani shimo la volkano, ya robo saa kutoka vibandani. Ukingo wake unatazama Kenya. Simu isiyowekewa ndege inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo ile, ukakatwa salio kwa bei ya nje ya nchi bila kugusa chochote.

Shangazi Ndeshi: Mimi ndiye nabaki na Bibi, basi nisikilizwe. Tokeni za umeme wa LUKU za nyumba hii zinaingia kwenye simu ya Eliya. Eliya, nunua za kutosha mapema, na zile tarakimu 20 ziingizwe kwenye mita mkiwa bado hapa. Msiniachie kikaratasi, 1 na 7 za mwandiko wako zinafanana. Hela ya maziwa na ya dawa za Bibi iwe taslimu kwenye bahasha. Na kama kuna malipo ya benki, fanyeni kabla. Ile namba ya siri inayokuja kwa meseji ikienda kwenye simu iliyozimwa, malipo yamekwama.

Baba Mdogo Eliya: Nimekuelewa dada.

Mama Neema: Na msinunue kifurushi cha wiki siku ya kuondoka. Kitaisha muda mkiwa juu.

Shangazi Ndeshi: Na ikitokea dharura?

Elisante: Shangazi, simu moja tu itawashwa, yangu, saa 12 jioni kamili kwa dakika 10. Kinachoruhusiwa kupita ni msiba au mgonjwa mahututi, mengine yote yangoje. Tuma meseji, usipige. Meseji itasubiri mtandao urudi, simu iliyopigwa imeshapotea. Nje ya saa hiyo, piga geti la Marangu. Askari wa hifadhi wana redio za upepo, watatufikishia. Nitakuandikia namba ya geti, jina langu kama lilivyo kwenye leseni na siku tunayoshuka. Ubandike jikoni, usiache kwenye simu.

Aikande: Wazazi shikamooni. Naongeza la kihospitali. Watu wanashindwa kuzima simu kwa sababu wanaitumia kama saa, tochi na kengele ya dawa. Choo kiko nje ya kibanda. Saa 8 usiku mtu asiye na tochi atawasha simu aone njia, na akishaiwasha meseji 40 zinamsubiri. Kila mtu, pamoja na watoto, awe na tochi yake ya kichwani na betri za akiba. Saa ya mkononi ya kawaida, angalau moja kwa kila kibanda. Wa presha na sukari wapange dawa kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku.

Aikande: Mtu akiumwa kichwa kidogo jioni ya kwanza, anywe maji na apumzike. Kichwa kikizidi na akaanza kutapika au kuyumba, anashuka, hata kama ni usiku. Hatungoji asubuhi.

Elisante: Sahihi kabisa. Na betri zote, za simu na za tochi, zilale ndani ya begi la kulalia. Baridi inapunguza umeme unaotoka kwenye betri, ndiyo maana simu inaonyesha asilimia 30 halafu inajizima. Ukiipasha joto mwilini sehemu ya chaji inarudi. Kila mtu aje na begi la kulalia zito, vitanda vina magodoro tu.

Mama Neema: Chakula je? Nilifikiria maharage.

Elisante: Maharage mabichi hapana, mama. Kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100. Utapika mpaka mtungi wa gesi uishe na bado yanagonga meno. Kuni haziruhusiwi hifadhini. Yachemshe nyumbani yaive kabisa, yachuje maji, yaliwe jioni ya kwanza. Jioni ya pili iwe tambi, au wali wenye maji kuzidi kidogo ya yale ya nyumbani, ufunikwe na jiwe safi juu ya kifuniko. Mchele piga gramu 100 kwa mtu mzima, kutembea kunaleta njaa.

Elisante: Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, na chupa za maji za kutumia mara moja msije nazo getini. Lita 3 kwa mtu, chupa ngumu. Mpagazi mzigo wake mwisho kilo 20, na unapimwa, kwa hiyo Baba Mdogo usifiche ile redio yako.

Baba Mdogo Eliya: Redio si simu!

Mama Neema: Ni ile ile 😂 Watoto nao, giza likiingia kabla ya saa moja watafanya nini bila katuni?

Aikande: Drafti. Ubao chora kwenye boksi la katoni, vizibo 24, nusu mvigeuze. Na karata. Mchana wana mbega na kima msituni, ila wasiwape chakula. Kima akishazoea ataingia kibandani kupekua mabegi.

Elisante: Njia ni kilomita 8, inachukua saa 3 hadi 4 kwa mwendo wa polepole, chakula cha mchana njiani, Kisambioni. Getini tuwe saa 3 asubuhi, kuandikishana kunachukua muda. Siku ya kushuka simu ziwashwe baada ya kusaini kutoka, si kabla. Mizizi ina utelezi, na mtu anayesoma meseji huku anateremka ndiye anayeteguka kifundo.

Baba Mdogo Eliya: Malipo ya hifadhi?

Elisante: Hawapokei taslimu. Natoa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Majina yalingane na kitambulisho herufi kwa herufi, maana kusahihisha getini kunakula asubuhi yote. Watoto nitumieni na umri wao. Mandara wanaruhusiwa wote, walio chini ya miaka 10 hawavuki kwenda juu ya Horombo.

Baba Mdogo Eliya: Haya, majina na namba za vitambulisho mtumie Elisante pembeni, si humu kikundini, kabla ya saa 3 usiku kesho.

Mama Neema: Neema ana cheti cha kuzaliwa tu.

Elisante: Kinatosha. Leta nakala.