Tupeane uzoefu: umewahi kugusa jedwali la kurasa (ramani ya anwani pepe kwenda anwani halisi za kumbukumbu) huku kerneli, moyo wa mfumo endeshi, inatembea?

Fundi_Bodi: Wakuu, leo nimeona bodi ya kijana mmoja imeganda katikati ya kuwaka, nikakumbuka yangu. Kerneli yangu ndogo ya ARM64 (aina ya prosesa), kumbukumbu nimeipanga kwa vipande vya MB 2. Nikataka KB 4 tu ziwe za kusoma pekee. Nikaandaa jedwali jipya la maingizo 512, nikaliandika juu ya ingizo la zamani, ndipo nikafuta TLB, kashe ya prosesa inayokumbuka tafsiri za anwani. Mara tisa ikapita. Ya kumi, kimya. Siku tatu sikulala. Kumbe kabla sijafuta, TLB ilishabeba tafsiri mbili za anwani moja, ya MB 2 na ya KB 4. Prosesa ikapiga hitilafu ya mgongano, na msimbo wa kuishughulikia ulikuwa ndani ya kipande hichohicho.

Kiini0: Yamenikuta hayohayo. Pole mkuu.

Mzee_wa_DSB: Vunja kwanza, ujenge baadaye. Andika sifuri kwenye ingizo, DSB (amri ya kusubiri yaliyotangulia yakamilike), TLBI (amri ya kufuta TLB), DSB, ndipo uweke jipya. Usiruke hata moja.

Fundi_Bodi: Mzee, sifuri naiandikaje kwenye ingizo la kipande ambamo amri yangu inayofuata imo?

Binti_Kerneli: Ndiyo maana nabaki x86, prosesa za Intel na AMD. INVLPG, amri moja ya kufuta tafsiri ya ukurasa, imeisha.

Mzee_wa_DSB: Imeisha wapi, dada? Mwaka 2019 Intel walitangaza hitilafu ya iTLB (TLB ya upande wa amri): ukibadili ukubwa wa ukurasa vibaya, mashine nzima inaweza kufa. Na INVLPG inafuta kwenye kiini chako tu!

Usiku_Zamu: Hapo kwenye viini vingine ndipo nilipoumia. Nilituma IPI, ishara ya kuviambia vifute TLB zao, nikarudisha ukurasa kwenye kurasa huru bila kusubiri majibu. Kiini kimoja kikaendelea kuandika humo kwa tafsiri ya zamani, wakati ukurasa umeshapewa kashe ya faili. Faili za wateja zikaoza wiki mbili bila kelele, na nakala za akiba zikabeba uozo uleule.

Binti_Kerneli: Mungu wangu.

Kiini0: Linux ya ARM64 ina rodata=full, chaguo ambalo kwa kawaida hupanga kumbukumbu ya kerneli kwa kurasa ndogo tangu inawaka. Huna cha kuvunja.

Mzee_wa_DSB: Hiyo nayo, kurasa ndogo nyingi zinamaliza nafasi za TLB. Simamisha viini vyote, hamia ukurasa ambao anwani yake pepe na halisi ni moja, zima MMU (sehemu ya prosesa inayotafsiri anwani), badilisha, futa TLB, washa.

Fundi_Bodi: Ndivyo nilivyopona. @Usiku_Zamu, faili mlizipata?

Usiku_Zamu: Nusu.