Naomba ushauri: adisopsheni tuiandikeje kwa Kiswahili?

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninaandaa maelezo ya chujio la mkaa wa mifupa kwa kijiji kimoja cha Meru, mkoani Arusha, ambako maji yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto wengi yana madoa ya kahawia. Niliandika kwamba mkaa "hunyonya" floraidi, lakini mhariri amelikataa neno hilo, akisema kwamba hiyo ni adisopsheni. Je, tofauti hiyo ina uzito wowote kwa mtumiaji wa chujio?

Mwalimu wa Kemia
Mhariri wako yuko sahihi. Wali wa nazi hulinywa tui hadi ndani ya punje, na huo ndio ufyonzaji. Masizi ya kuni hushika kitako cha sufuria tu, wala hayapenyi ndani yake. Adisopsheni inafanana na hali hiyo ya pili, yaani chembe za gesi au za kitu kilichoyeyuka hushikwa kwenye uso wa kitu kingine. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser alilitumia neno hilo mwaka 1881. Usiudharau uso, kwani mkaa una vitundu vidogo mno, na kuta za vitundu hivyo nazo ni uso: gramu moja ya mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa maalumu ili uwe na vitundu vingi, huweza kuwa na zaidi ya mita za mraba 500.

Fundi Maji
Uzito upo, ndugu yangu, tena mkubwa. Maelezo yetu ya kwanza yalisema "hunyonya", na mama mmoja akauosha mkaa uliochoka, akauanika juani siku mbili, akaurudisha kwenye ndoo akiamini kwamba umekauka na utanyonya upya. Maji yalitoka meupe, matamu, na floraidi yake yote, kwa sababu nafasi za kuishika zilikuwa zimejaa na maji matupu hayaing'oi. Mimi sasa huandika "hunasa".

Muuliza swali
Asanteni sana. Nitaandika hivi: "Floraidi hunasa kwenye uso wa mkaa. Uso ukijaa, mkaa hubadilishwa, kuuosha hakusaidii." Neno adisopsheni nitaliweka kwenye ukurasa wa mafundi.

Mwalimu wa Kemia
Sentensi hiyo inatosha. Tafadhali ongeza kwamba kuchemsha nako hakuondoi floraidi: maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani.