Louis Pouzin wa Ufaransa: aliporwa intaneti, au waliomwangusha ni wa kwao?

Mwana_Ilala
Wakuu, salaam. Kila ikitajwa historia ya intaneti tunaimbishwa majina mawili, Vint Cerf na Bob Kahn. Mei 1974 wakachapisha andiko la TCP, kanuni ya kuziwezesha kompyuta za mitandao tofauti kuongea, 2004 wakapewa Tuzo ya Turing, ile kubwa ya fani ya kompyuta, kwisha habari. Huyu Mfaransa Louis Pouzin mbona anarukwa?

Mtandao wake wa CYCLADES, pale IRIA, taasisi ya utafiti wa kompyuta nje kidogo ya Paris, ulionyeshwa ukifanya kazi mwaka 1973. Na ndani yake ndimo lilimokuwa wazo lenyewe. Mtandao usijibebeshe dhamana ya kila pakiti (kipande cha data), wenyewe usukume tu. Zikipotea, zikifika shaghalabaghala, kompyuta za pande mbili ndizo zitakazozipanga na kudai zilizokosekana. ARPANET, mtandao wa Wamarekani, wakati ule haikuwa hivyo, mitambo ya katikati ndiyo iliyohangaika kuhakikisha kila kitu kimefika. Sasa, mtu wa timu ya Pouzin, Gérard Le Lann, akaenda Stanford mwaka huohuo wa 1973 kufanya kazi na Cerf. Mwaka uliofuata andiko likatoka. Mimi nasema kaporwa. Karibuni.

Fundi_Nyaya
Kaporwa vipi mkuu? Soma shukrani za andiko hilohilo, Pouzin katajwa kwa jina, na Davies wa Uingereza, mtafiti mwenzao wa mitandao ya pakiti, katajwa. Mwizi gani anaacha risiti?

Waliomzika Pouzin ni PTT, shirika la posta na simu la kwao. Hao walitaka X.25, kanuni ambayo njia inafunguliwa kwanza toka mwanzo hadi mwisho ndipo data ipite, nao wakae katikati wakihesabu na kutoza. X.25 ni treni, datagramu ya Pouzin, pakiti inayojiendea yenyewe, ni bodaboda. PTT wakafungua Transpac, mtandao wao wa X.25, mwaka 1978, fedha za CYCLADES zikakatwa, 1981 mtandao ukazimwa. Wamarekani wao 1 Januari 1983 wakaihamisha ARPANET yote kwenye TCP/IP, iliyotokana na TCP ileile ya Cerf na Kahn. Nani kamuibia nani hapo?

Konda_Mstaafu
Treni ya wapi hiyo inayofika kwa mpangilio? Nimepanda ya kwenda Kigoma mimi. Chagua mfano mwingine.

Fundi_Nyaya
Konda, nimezungumzia reli kwa maana ya reli. Usinitoe kwenye mada.

Konda_Mstaafu
Mada umeitoa wewe ulipoleta bodaboda.

Mwana_Ilala
Fundi, kutajwa kwenye shukrani na kutajwa kwenye tuzo ni vitu viwili. Harusini anayeshukuriwa ni mpishi, picha anapiga bwana harusi. Na huyu si mtu wa kuokotwa. Miaka ya sitini alikuwa MIT, akaandika RUNCOM, programu ya kuendesha amri zilizopangwa kwenye faili, na humo ndimo ilimotoka shell wanayoandikia amri vijana wote wa Linux waliomo humu.

Mrundi_wa_Lyon
Nimesoma, nimecheka. Mnaongea kuhusu X.25 kana kwamba ni ugonjwa. Minitel, huduma ya Wafaransa ya kisanduku chenye skrini kilichounganishwa na simu, ilikuwa ikipita juu ya hiyo Transpac mnayoitukana. Kuanzia 1982 watu huku walikuwa wakitafuta namba za simu, wakikata tiketi za treni (ndiyo Konda, zinazofika), na mengine ya usiku ambayo sitayasema mbele ya watoto. Ikazimwa 30 Juni 2012. Miaka thelathini! Mtandao wa Pouzin ulidumu mingapi? Wazo zuri lisilomfikia bibi kijijini ni la maprofesa.

Na kwa heshima zote, mnagombania urithi usiowahusu. Miaka hiyo Afrika hata waya hakukuwa. Sisi mtandao tumeuonea kwenye cyber café.

Modemu2400
"Hata waya hakukuwa"?? Jisemee wewe na ukoo wako.

Mimi nipo Nairobi tangu enzi hizo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na FidoNet. Mtu mmoja wa San Francisco, Tom Jennings, ndiye aliyeianzisha mwaka 1984. Haikuwa TCP/IP wala X.25. Kompyuta inampigia mwenzake simu ya kawaida kwa modemu (kifaa cha kupitishia data kwenye simu), usiku, inakabidhi fungu la barua zilizobanwa, inapokea za kwake, inakata. Mwenzake naye anampigia mwingine. Laini ikikatika katikati, na zilikuwa zikikatika, unaendelea ulipoachia. Dunia iligawanywa maeneo, na Afrika ilikuwa na namba yake, eneo la 5. Kwa hiyo waya ulikuwepo na anwani ilikuwepo.

Pale ELCI, shirika la mazingira, kulikuwa na kituo. GreenNet ya London, watoa huduma ya mtandao kwa wanaharakati, ndiyo iliyokuwa na lango la kutufikisha kwenye intaneti yenyewe, na mwanamke aliyelisimamia lango hilo, Karen Banks, akaja kuingizwa kwenye Internet Hall of Fame, orodha ya heshima ya watu wa intaneti, mwaka 2013. ESANET iliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Makerere na vya kusini huko. HealthNet iliwapelekea madaktari majarida. Bila Pouzin, bila Cerf, bila Minitel yako ya mambo ya usiku.

Fundi_Nyaya
Shikamoo mzee. Lakini barua inayofika kesho yake si intaneti.

Modemu2400
Marahaba. Ulitaka ifike lini? Ya posta ilikuwa ikichukua wiki. Intaneti unayoitaka wewe ilidai laini iliyo wazi saa zote, laini ambayo hakuna shirika la huku lingeweza kuilipia. FidoNet ilitosheka na dakika chache za usiku, tena mara nyingi anayepiga ni London kwa sababu kupiga toka huku ulikuwa ukichuna mifupa. Itifaki (kanuni ya mawasiliano) inayovumilia simu mbovu kwangu ni bora kuliko itifaki ya kupewa tuzo.

Binti_Upanga
Nairobi mnajisifia simu. Sisi Tanzania serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974. Angalieni tarehe, ndio mwaka wa andiko la Cerf na Kahn.

Konda_Mstaafu
Dada, marufuku ilikuwa ya televisheni.

Binti_Upanga
Kaka, vyote viwili. Kompyuta ilipigwa stop baada ya mfumo wa mahesabu ya serikali kuvurugika. Muulize yeyote aliyekuwa Hazina.

Mzaliwa_Ngambo
Hebu hapo pa televisheni. Mseme *Bara*, msiseme Tanzania. Sisi Unguja tulikuwa tukitazama TV ya rangi mwanzoni mwa miaka ya sabini, Ulaya penyewe wengi wana nyeusi na nyeupe. Nyinyi mlingoja mpaka 1994.

Konda_Mstaafu
Haya, wameshaingia. Mliitazama nini, hotuba?

Mzaliwa_Ngambo
Hotuba ya rangi. Wewe ulikuwa ukitazama ukuta.

Binti_Upanga
Nyie wawili hamieni jukwaa la burudani. TV haina pakiti.

Mwana_Ilala
Jamani, nimeleta mada ya Pouzin nimekuta Unguja na Bara. Hakuna aliyenijibu, kaporwa au hakuporwa?

Fundi_Nyaya
Hakuporwa, na tena kalipwa. 2013 Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi, pauni milioni moja. Yeye, Kahn, Cerf, Berners-Lee aliyebuni wavuti, na Andreessen wa Mosaic.

Mwana_Ilala
Watano! Yaani mwenye wazo la 1973 kagawana sawa na kijana wa kivinjari cha Mosaic. Umenisaidia kuthibitisha hoja yangu.

Mrundi_wa_Lyon
Mimi bado nasubiri mtu aniambie kosa la PTT. Shirika la umma linachimba mitaro, linatandaza nyaya kwa kodi ya wananchi, halafu maprofesa waamue kuwa lisihesabu kinachopita ndani yake? Leo mnalalamika kampuni za Marekani zinachukua faida yote na mitandao ya simu inabaki kubeba mzigo. Hilo ndilo PTT waliloliona mapema.

Binti_Upanga
Hapo kidogo una hoja, ingawa wenye bando la kuisha usiku wa manane hatutaki kusikia habari za kuhesabiwa zaidi.

Modemu2400
Hana hoja yoyote mpaka afute ile ya waya.

Mrundi_wa_Lyon
Mzee wangu, nilisema waya wa mtandao. Sikusema simu.

Modemu2400
Na barua zetu zilipita wapi, kwenye bomba la maji?