Kiinua mgongo na miezi ya likizo bila malipo ya mwaka 2020

Barasa, Doha:
Ndugu wanajumuiya, nawasalimu nyote. Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja hapa Doha, Qatar, tangu 2017. Aprili 2020, wageni walipokoma kuja, tuliwekwa kwenye likizo bila malipo hadi Septemba, tukabakishiwa malazi na chakula tu. Januari 2021 mkataba wangu ulisitishwa, na hesabu ya kiinua mgongo niliyopewa imeondoa miezi hiyo yote. Nilipolalamika katika ofisi inayohusika, karani aliniambia kwamba nilikwisha kutia sahihi karatasi ya kukubali likizo. Karatasi hiyo ilikuwa ya Kiarabu, na tuliitia sahihi tukiwa kwenye foleni. Je, kuna aliyedai miezi hiyo akalipwa? QID yangu, yaani kitambulisho cha ukaazi wa Qatar, inakaribia kuisha.

Zuhura, Doha:
Kaka Barasa, pole. Waraka wa serikali wa Aprili 2020 uliziruhusu kampuni zilizosimamishwa na masharti ya korona kutoa likizo bila malipo au kupunguza mshahara, lakini kwa makubaliano na mfanyakazi. Kukubaliana ni kuelewa kwanza unachokubali. Sisi wa kampuni ya usafi tulikuwa Industrial Area, eneo la viwanda na mabweni ya wafanyakazi hapa Doha, ilipofungwa mwezi Machi 2020, na mshahara uliokuja baada ya hapo ulikuwa nusu bila yeyote kuulizwa. Tazama rekodi za WPS (mfumo wa serikali wa kulipa mishahara kupitia benki) kwenye akaunti yako, kwa maana zinaonyesha mwezi gani ulilipwa na upi haukulipwa.

Kioko, London:
Dai pia tofauti ya kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula.

Zuhura, Doha:
Bwana Kioko, tafadhali tusipotoshane. Kima hicho kilianza tarehe 20 Machi 2021, na Barasa aliondoka kazini Januari. Kinachomhusu ni kifungu cha 54 cha sheria ya kazi ya Qatar ya 2004, yaani kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa wiki zisizopungua tatu kwa kila mwaka wa utumishi.

Kioko, London:
Nimekuelewa, lakini kwa kipimo hicho miezi sita ni mshahara wa siku kumi na kidogo. Sioni kama inafaa kuhangaikia ofisi.

Barasa, Doha:
Ndugu yangu, siku hizo kumi ni karo ya mtoto. Katika miezi ile mimi sikutuma chochote nyumbani. Mama aliuza ng'ombe kwetu Webuye, Kenya, akanitumia pesa mimi, mwanawe aliye ughaibuni. Mke wangu alikuwa akiuza samaki wa kukaanga jioni, na kafyu ya saa moja usiku ilipoanza mwishoni mwa Machi, wateja wake walikuwa ndio kwanza wanatoka kazini wakikimbilia nyumbani. Mapato yetu yote mawili yalikatika ndani ya mwezi mmoja.

Mutua, Toronto:
Hata hivyo, tusisahau kwamba wana ughaibuni waliiokoa nchi. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilitabiri kwamba fedha zitumwazo kwa nchi maskini zingeshuka kwa takribani moja ya tano, lakini Kenya ilipokea zaidi ya dola bilioni 3 mwaka huo, kuliko mwaka wowote uliotangulia.

Zuhura, Doha:
Mzee Mutua, kwa heshima zote, sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka Amerika Kaskazini, ambako serikali ziliwapa watu ruzuku waliposimama kazi. Usitujumuishe katika sifa hiyo sisi tuliokuwa tukila kwa hisani ya mwajiri. Dada yangu alikuwa mpishi wa hoteli Malindi. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 2 mwaka 2019 hadi chini ya laki 6 mwaka 2020, na hoteli yao ikafungwa. Serikali ya Kenya iliwasamehe PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, jambo jema, lakini asiye na mshahara husamehewa kodi gani? Akina mama wa sokoni na mafundi wa jua kali, ambao ndio wafanyakazi wengi wa Kenya, hawakuwa kwenye orodha ya mwajiri yeyote, kwa hiyo hawakupunguzwa kazi kisheria wala kufidiwa. Walikosa wateja tu.

Mutua, Toronto:
Nakubali kuhusu jua kali. Ndiyo maana nasema vijana wa mitaa ya mabanda walihitaji mpango wa kudumu, si Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua vya muda.

Barasa, Doha:
Nawashukuru nyote, ila bado sijajua kama miezi ile inahesabiwa. Nimesoma kwamba madai ya mkataba hufa mwaka mmoja baada ya mkataba kwisha. Jumapili nitapeleka rekodi za benki kwenye kamati ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Aliye na uamuzi wa kesi inayofanana na hii, hata kama alishindwa, anitumie nakala kabla ya siku hiyo.