Trilojia ya Millennium: mwisho wa muvi ya tatu uliwaridhisha nyinyi?

Dada_wa_Bombo
Wapenzi wa muvi za upelelezi habari zenu. Wikiendi nimemaliza zile tatu za Uswidi, zile za 2009 za Noomi Rapace na Michael Nyqvist, siyo ile ya Marekani ya 2011, na nimeudhika jamani. Kama hujaziona ishia hapa, maana nasema yote.

Ya kwanza ilinishika koo. Msichana Harriet amepotea tangu 1966, na yule mzee wa ukoo wa Vanger kila mwaka anatumiwa ua lililokaushwa ndani ya fremu, hajui nani anatuma, na wewe unayetazama unawaza ni muuaji anamtesa mzee au ni nani. Halafu mwandishi wa habari Mikael na yule mdukuzi Lisbeth wanachambua picha za zamani moja moja, mistari ya Biblia, majina ya wanawake waliouawa, mpaka unajikuta na wewe umekuwa askari. Ya pili siyo kali hivyo lakini inaishia baba mzazi amempiga Lisbeth risasi ya kichwa, wakamzika wakidhani amekufa na yeye akajifukua usiku kwa mikono. Sasa mtu ukiachiwa hapo si unangoja ya tatu iwake moto?

Ya tatu analala hospitali Göteborg, akitoka hapo selo, akitoka selo mahakamani. Wazee wa kile kitengo cha siri cha usalama wa taifa, waliomlinda baba yake, wanakaa wanaongea, wanakunywa kahawa, wanaongea tena. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba HAKUNA FUMBO. Baba yake Zalachenko tunamjua, daktari wa akili Teleborian tunajua alimfanya nini Lisbeth akiwa mtoto, ile video ya msimamizi wake Bjurman akimbaka tuliiona ikirekodiwa kwenye muvi ya kwanza. Karibu saa mbili na nusu tunangoja jaji ajue kitu ambacho sisi tunakijua tayari. Ni mimi peke yangu nimeliona hilo?

Kibanda_Kisenyi
Dada hauko peke yako. Sisi tuliiona kwenye kibanda cha video, imetafsiriwa kwa Kiluganda na VJ, yule anayesimulia juu ya muvi, na zile mbili za kwanza watu walikaa kimya kabisa, kitu ambacho kibandani ni nadra. Ya tatu ikaanza minong'ono, huyu mzee ni yupi, yule wa kwanza si amekufa, mbona huyu yuko kwenye mashine ya figo. VJ alijitahidi, akawa anarudia kila mara "huyu ndiye Gullberg, huyu ndiye Clinton", lakini wazee wa Kiswidi wenye koti za kufanana, hata ukitajiwa majina unawapoteza. Watu waliamka tu mwishoni kwenye lile jengo bovu la matofali, pale Lisbeth anampigilia Niedermann, kaka yake wa baba mmoja, misumari miguuni. Hiyo ilishangiliwa mpaka nje walisikia. Dakika chache tu hizo banange.

Mkalimani_Arua
Mimi nakataa, na nitasema kwa nini. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani, Kiswahili na Kilugbara, kwa hiyo nimewaona watu ambao kila mtu ameshawaamulia ni wendawazimu au waongo kabla hawajafungua mdomo. Ile kesi kwangu ndiyo muvi yenyewe. Teleborian anasimama pale na suti yake anasema huyu mwanamke anaota mambo, hakubakwa, ni ugonjwa, halafu wakili wake Annika anaiweka ile video na chumba chote kinanyamaza. Sisi tunajua ndiyo, lakini raha yake iko hapo hapo, tumekaa na huo ukweli tangu muvi ya kwanza na mwenyewe hajawahi kuaminiwa na mtu mwenye mamlaka hata mmoja. Na anaingia kortini na nywele zake zimesimama na nguo nyeusi za ngozi mwili mzima, hakubali kuvalishwa sura ya mtu mwingine ili aonewe huruma.

Fundi_Mbale
Wote mna haki ila kuna kitu hamjakigusa. Muvi ya pili na ya tatu awali zilikusudiwa TV, siyo sinema. Ya kwanza ilipopata watu wengi ndo wakaamua zote ziende sinema, na zote tatu zikatoka mwaka ule ule. Dairekta pia alibadilika, ya kwanza ni Niels Arden Oplev, mbili za mwisho ni Daniel Alfredson, ndo maana hata mwanga na mwendo unauona siyo ule. Halafu 2010 walitoa toleo refu la TV, sehemu sita za kama dakika 90 kila moja, ina maana karibu saa mbili za hadithi zilikuwa zimekatwa. Wale wazee kwenye toleo refu wanaeleweka zaidi.

Msomaji_Jinja
Mimi nililia na kitabu, muvi ikanikasirisha. Stieg Larsson, mwandishi wa vitabu vyenyewe, alifariki 2004 hata kitabu cha kwanza hakijatoka, mwaka uliofuata ndo kikatoka, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Lakini mwisho aliuandika wazi. Mikael anakuja mlangoni, Lisbeth anamfungulia, anamruhusu kurudi kwenye maisha yake. Kwenye muvi wanashukuriana pale pale mlangoni na jamaa anaondoka! Mtu ambaye hakumwamini mwanaume yeyote, safari ya muvi tatu, halafu mnamnyima ule mlango? Kuufungua kungechukua dakika moja tu.

Dada_wa_Bombo
Msomaji umenigusa, sikujua kitabu kiliisha hivyo, sasa nimeudhika mara mbili. Mkalimani nimekuelewa kuhusu kesi, na Rapace pale anaigiza kwa macho tu, sibishi hata kidogo. Lakini ulichoeleza ni tamthilia ya mahakama, na mimi niliingia kwa ajili ya fumbo. Wangeficha kitu kimoja tu, hata huyo Teleborian wangetuacha tusiwe na uhakika naye mpaka kortini, ningekaa mpaka mwisho bila kuangalia saa.

Mkalimani_Arua
Kwa Teleborian nakubali dada yangu. Walituonyesha mapema mno kwamba ni mbaya. Hilo ni kosa la mwandishi wa filamu siyo la hadithi. Ule mlango lakini mimi ningeuacha umefungwa.

Msomaji_Jinja
Hapana mzee, hapo hatutaelewana kamwe 😤